Fundi wa Maiki wa Pongwe na Maneno Yaliyovuka Barabara

Saa moja asubuhi, Jumamosi. Ernesti Haule amepiga magoti kwenye sakafu ya kibanda chake, Pongwe, nje kidogo ya jiji la Tanga, na mbele yake zimelazwa maiki saba, zake na alizoletewa kukagua, juu ya mkeka kama vijiko vya karamu. Anachukua moja, anaiwasha, anaipuliza. Pumzi yake inatokea kwenye spika iliyo mlangoni na kumshtua kuku wa jirani.

Anainama kusoma namba kwenye kioo kidogo cha kipokezi, kile kisanduku kinachodaka sauti ya maiki isiyo na waya. Anairudia namba hiyo kwa mdomo mara mbili, anaiandika, kisha anaizungushia maiki utepe mwekundu.

“Utepe wa kijani ni wa msikitini, mweupe wa Walutheri, wa bluu wa kwetu Wakatoliki,” anaeleza. “Mwekundu ni wa shughuli za kina mama. Huu hata mimi mwenyewe nauogopa.”

Ana haki ya kuuogopa. Mwaka jana maiki yake ilichukua maneno yaliyosemwa mbele ya wanawake peke yao, ikayavusha barabara na kuyamwaga kanisani mbele ya kwaya nzima, wake kwa waume. Tangu siku hiyo fundi huyu hana raha, na mwanamke aliyeyasema hajafungua tena kinywa mbele ya bi harusi yeyote.

Ernesti ana miaka hamsini na miwili. Alizaliwa Amani, juu kwenye milima ya Usambara, ambako baba yake alikuja kutoka Songea kuchuma chai na hakurudi tena kwao. Ofisi ya shamba lile ilikuwa na redio ya upepo ya kuitana na mashamba mengine, na mwendeshaji wake, mzee aliyeitwa Robert, alimruhusu Ernesti akae kwenye kona baada ya shule mradi asiguse kitu.

“Mzee Robert alinifundisha jambo moja tu,” anakumbuka. “Kabla hujabonyeza useme, sikiliza kwanza kama kuna mtu. Njia ni moja, mkisema wawili hasikiki hata mmoja.”

Anakiri kwamba somo hilo alilisahau pale pale lilipohitajika.

Alishuka Pongwe mwaka 1998 akiwa na bisibisi tatu na kujiamini kwingi. Alianza na kutengeneza redio, akahamia kwenye spika, na siku hizi ukisema “mtu wa spika” hapa Pongwe hakuna atakayekuuliza unamtaka yupi. Harusi, maulidi, mahafali, msiba, mkutano wa hadhara, kote yumo. Kwenye shughuli za kina mama hufunga mitambo mapema na kuondoka, akamwachia mkewe, Loveness, ambaye hukaa ndani na kuongoza sauti.

Ndivyo ilivyokuwa Jumamosi ile nyumbani kwa Bi Zeyana binti Badr. Bi Zeyana ana miaka sabini na moja. Ukoo wake ulitoka Oman zamani, na Pongwe unajulikana kwa duka na minazi, lakini yeye mwenyewe anajulikana kwa kazi ya usomo. Somo ni mwanamke mtu mzima anayemkalisha bi harusi chini na kumweleza ndoa ilivyo, bila kupaka sukari. Siku hiyo mwanamume hasogei. Wenyewe hutania kwamba hata jogoo hufungiwa.

Siku ile bi harusi alikuwa mjukuu wake mkubwa, na waalikwa walikaribia mia mbili chini ya turubai. Zamani Bi Zeyana hakuhitaji kipaza sauti. Sasa kifua hakimsaidii, na wakati huo huo hawezi kusema akiwa amekaa. Humzunguka bi harusi polepole na mkongojo wake, akisema na kusimama, akisema na kusimama. Loveness alimpa maiki isiyo na waya akamwambia, “Sema taratibu tu, bibi, watakusikia wote.”

Kweli walimsikia wote, na waliozidi.

Ng'ambo ya barabara, hatua kama mia moja na hamsini kutoka kwenye turubai, kwaya ya kanisa la Kilutheri ilikuwa kwenye mazoezi ya alasiri. Wakati wa mapumziko waliizima maiki yao lakini kipokezi na spika wakaviacha vikiwaka. Maiki hiyo waliinunua kwa Ernesti. Naye aliinunua Horohoro, mpakani, kwa mchuuzi mmoja aliyemuuzia maboksi mawili kwa bei ya kutupa. Boksi moja aliwauzia wanakwaya, la pili akabaki nalo kwa kukodisha. Hakupindua boksi hata mara moja kusoma namba ya masafa iliyoandikwa chini. Zilikuwa mapacha: maiki mbili, njia moja ya hewani, na kipokezi cha kanisani kilipokosa sauti ya mwenzake kikadaka ya pacha wake.

Mwalimu wa kwaya, Alexander, anasema mwanzoni walidhani ni redio. Kisha mmoja wao akaitambua sauti. Wengine wakacheka, wengine wakainamisha vichwa, na yeye mwenyewe akahangaika na vitufe asijue kipi kinazima nini. Anakadiria zilipita dakika kumi.

“Kung'oa waya ukutani lilikuwa jambo la sekunde moja,” anasema bila kujitetea. “Sikulifikiria. Nadhani na mimi nilikuwa nasikiliza. Hilo nimeshamwomba Mungu anisamehe.”

Makala haya hayatarudia yaliyosemwa. Yamesharudiwa vya kutosha. Kwa ruhusa ya Bi Zeyana tunataja moja tu, lile lililomuuma kuliko yote. Alimwambia mjukuu wake kwamba mwaka wa kwanza wa ndoa hakumpenda mumewe, marehemu Wael, na mara mbili alifunga kanga zake akatoroka mpaka Horohoro ili avuke aende Mombasa kwa shangazi yake. Mara zote mbili alirudi mwenyewe, bila kuitwa.

Hilo alikuwa akiwapa mabinti wote aliowafunda, kama dawa. Aliamini kwamba bi harusi anayejua kwamba hata waliodumu waliwahi kutaka kukimbia hatajiona mkosaji naye akijiwa na hamu hiyo. Lilikuwa la ndani, na miaka yote lilikaa ndani. Jumatatu yake lilikuwa sokoni, na wanawe wa kiume wakalisikia kwa muuza nazi.

Bi Zeyana hakugomba. Alimrudishia mitambo Ernesti kwa mkono wa mtumishi, akafunga dirisha la barabarani, na alipoombwa usomo kwa jirani mwezi uliofuata, akasema amechoka.

Kwa Ernesti adhabu ilikuja kimya kimya. Alizoea kupata shughuli nane kwa mwezi, nyingi zikiwa za kina mama. Zikabaki mbili, nazo za misiba. Mtoto wake wa mwisho alirudishwa nyumbani wiki mbili kwa michango ya shule. Loveness alikuwa akifika kisimani, mazungumzo yanakatika. Anasema hilo lilimuuma zaidi ya njaa, kwa sababu yeye ndiye aliyempa bibi ile maiki mkononi.

Mara mbili Ernesti alikwenda kuomba radhi. Mara zote alikaribishwa barazani, akaletewa kahawa, shikamoo yake ikaitikiwa. Baada ya marahaba hapakuwa na neno jingine, akainywa kahawa na kuondoka.

Kisha likaja gari lenye antena juu.

Lilikuwa la mamlaka ya mawasiliano, na lilizunguka Pongwe siku nzima kabla ya kusimama mbele ya kibanda. Alishuka mhandisi kijana aitwaye Yudith, akamsalimia Ernesti kwa heshima na kuuliza kama ana maiki zisizo na waya. Ernesti hakungoja swali la pili. Alikaa kwenye kigoda akaeleza yote, Bi Zeyana, kwaya, Horohoro, mapacha, akamaliza kwa kusema yuko tayari kwenda popote.

Yudith alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia taratibu kwamba hakuja kwa ajili hiyo.

“Niliungama dhambi ambayo sikuulizwa,” anasema Ernesti, na hapo ndipo anapocheka kwa mara ya kwanza asubuhi hii.

Kilichomleta mhandisi ni simu. Eneo lile mtandao ulikuwa ukiyumba kila Jumamosi na Jumapili, na vipimo vyao vilielekea kwenye kibanda hiki. Maiki nne za zamani za Ernesti zilifanya kazi kwenye masafa ambayo enzi hizo yalikuwa ya televisheni za antena. Serikali ilishayahamisha na kuyapa simu, na habari hizo hazikumfikia mtu wa spika. Kila alipofunga mitambo ya harusi, alikuwa anawasemea watu masikioni bila kujua.

“Mzee, hewani hakuna ukuta,” Yudith alimwambia. “Ndiyo maana pana mgawanyo. Ndege wana sehemu yao, meli yao, redio yao, simu yao. Nyie wa maiki mmetengewa kipande kidogo, kwa nguvu ndogo, na humo mnavumiliana. Huko hakuna wa kuwapangia nani akae wapi. Mnapangana wenyewe.”

Aliendelea kumweleza kwamba hata pale mpakani nchi mbili hukaa mezani kupatana, maana mawimbi hayasubiri kugongewa muhuri wa pasipoti. Ernesti alipewa onyo la maandishi, akazikabidhi maiki nne. Zilikuwa zaidi ya nusu ya alizokuwa nazo. Lakini lile neno la kupangana wenyewe halikumtoka.

Wiki iliyofuata alianza kubisha hodi. Alikwenda msikitini, madrasa, makanisa yote mawili na ukumbi wa sherehe, akiomba jambo moja: apindue maiki zao asome namba. Hakuomba hela. Wengi walidhani anatafuta wateja. Msikitini, Maalim Mwinyijuma, mwangalizi wa vipaza sauti, alimwacha asome, ila walipogundua kwamba maiki ya mawaidha inagongana na ya Wakatoliki, akasema msikiti ulikuwepo kabla ya kanisa. Wakatoliki wakasema maiki yao ilinunuliwa kwanza. Ernesti alikwenda na kurudi mara tano.

“Siku hizo ndipo nilipoelewa kwa nini serikali inaweka ofisi nzima kwa kazi hii,” anasema. “Hakuna anayekubali kusogea. Kila mtu anaamini hewa ni ya kwake.”

Mwishowe waliosogea ni Wakatoliki, kwa sababu maiki yao ilikuwa na kitufe cha kubadilisha njia na ya msikitini haikuwa nacho. Maalim alimtuma kijana na sahani ya halua parokiani. Kwa Walutheri Ernesti aliichukua ile pacha, akawapa badala yake seti mpya iliyomgharimu shilingi laki tatu na nusu alizokopa kwenye kikundi cha mkewe. Pacha zote mbili alizivunja kwa nyundo, Loveness akiwa shahidi.

Alipomaliza, alikwenda kwa Bi Zeyana mara ya tatu, na karatasi yake ya namba. Safari hii alikuwa na haraka. Azza, mjukuu mdogo wa bibi, anaolewa, na bibi alikuwa amekataa kumfunda. Azza alilia siku mbili akisema hataki somo wa kuazima.

Ernesti aliiweka karatasi juu ya meza, akaeleza ya kijani, nyeupe, bluu na nyekundu. Akaongeza kwamba kama bado ana wasiwasi, atamletea maiki ya waya, ambayo haina hewa wala njia.

“Waya wa nini? Mie si mbuzi,” Bi Zeyana alimjibu. Ukiacha marahaba, yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake kwa muda wa miezi saba.

Aliishika karatasi akaitazama mbali na macho, jinsi wazee wanavyosoma. Kisha akamuuliza nani anamhakikishia. Ernesti akasema namba zinahakikisha.

“Namba siziamini. Nakuamini wewe, ingawa wewe ndiwe uliyeniaibisha,” alisema bibi. “Sikiza, mwanangu. Jumamosi hiyo mkeo atakaa ndani kwangu. Wewe utakwenda kanisani, ukae peke yako, uwashe lile dude lao mpaka mwisho. Ukisikia neno langu moja, mpigie mkeo anikate. Na hilo neno utakalolisikia ulimeze, mpaka kaburini.”

Ernesti aliitikia kwa kichwa. Alitoka pale machozi yakimlenga, na hakuona haya kuyafuta barabarani. Bibi alikuwa amechagua, katika Pongwe yote, sikio litakaloweza kumsikia, na akalichagua lake.

Azza anafundwa Jumamosi ijayo. Mwalimu Alexander amekwishahamishia mazoezi Ijumaa na kumkabidhi Ernesti ufunguo wa kanisa, akimtania kwamba Mkatoliki akikaa humo kwa saa tatu atatoka amebadili dhehebu. Loveness ameifanyia majaribio maiki yenye utepe mwekundu mara nne, yeye akiwa uani kwa bibi na mumewe kanisani. Mara zote nne alihesabu hadi mia, na mumewe hakusikia kitu.

Ernesti anapanga kununua maiki nyingine mbili kufikia mwisho wa mwaka, za kubadilisha njia, ili kila anayeomba shughuli apate nafasi yake. Lakini ukimuuliza anatumaini nini, hazungumzii maiki.

“Nataka nikae mle tangu mwanzo mpaka mwisho nisisikie hata kikohozi,” anasema. “Halafu nisikie vigelegele vya kina mama vinapita dirishani, nijue bibi amemaliza kusema.”