Fomu Iliyopitishwa Ndani ya Basi

Sahihi ya kwanza niliyowahi kuweka kwenye karatasi ya serikali ilikuwa ya uongo, na niliiweka huku nacheka.

Ilikuwa ndani ya basi, tunatoka Tarime mjini kurudi Nyangoto. Basi lenyewe ni la mtu binafsi, ila halmashauri inamlipa ili lifike kwetu hata siku ambazo abiria ni wachache. Masharti yake yalibandikwa kwenye mlango wa zahanati: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, lisimame mbele ya zahanati, na viti viwili vya mbele viachwe kwa wagonjwa. Mimi shule niliishia kidato cha pili, lakini tangazo lile nililikariri lote, maana ndoto yangu ni basi. Siyo kupanda, kuendesha. Langu litakuwa na mapazia ya kijani, na litamsubiri kila bibi mpaka amalize kufunga kanga yake.

Kondakta alikuwa kijana mcheshi sana. Mwisho wa mwezi alipitisha fomu ya kuuliza abiria kama huduma ni nzuri, ya wastani au mbaya.

"Dada, dereva mwenzetu," akaniambia, maana ndoto yangu alishaisikia, "tia tiki hapo kwenye nzuri. Au unataka mtoto wenu nilale njaa?"

Basi zima likacheka. Siku hiyo tulikuwa tumechelewa saa nzima, na bado nikatia tiki kwenye nzuri, nikasaini kwa mkia mrefu kama waziri. Kwetu mtu anaweza kubishania mpaka wa shamba tangu asubuhi hadi jioni asichoke, lakini aliyekubebea mzigo bure huwezi kumwandika vibaya. Na yule kijana alishambebea kila mtu kitu.

Halafu ikaja habari ya miguu ya mtoto.

Dada yangu anafua mashuka kwenye kambi ya watalii upande wa Robanda. Aliniachia binti yake wa mwaka na nusu, aliyezaliwa nyayo zimepinda kuangalia ndani. Hospitali ya mjini walikuwa wanazinyoosha kwa plasta. Kila Jumatano wanaikata, wanaigeuza miguu kidogo, wanafunga nyingine. Nesi alinionya siku ya kwanza kabisa: "Usiruke wiki. Na plasta isilowe." Mvua zilikuwa zimeanza, kwa hiyo bodaboda ilikuwa haifai. Tegemeo lilikuwa basi.

Jumatano moja tukasikia honi tu, kule njia panda. Basi lilijaa abiria hukohuko, likageuza bila kufika zahanati, likaenda zake mjini. Jumatano iliyofuata ikawa vilevile. Tulikuwa kwenye benchi la zahanati mimi na mtoto, mama mmoja mjamzito na mzee wa jirani mwenye macho mabovu. Mtoto alisikia honi, akapunga mkono kuelekea upande ule. Nilijisikia vibaya kuliko ningetukanwa.

Ijumaa lilipofika, nikapanda. Nesi alipokata plasta, ngozi ya kisigino ilikuwa imechubuka, na nyayo zilikuwa zimeanza kurudi ndani.

"Nilikwambia nini?"

"Basi halikuja, nesi."

"Kila mtu basi halikuja! Hii miguu inajua basi?" Akafunga plasta mpya bila kuniangalia, kisha sauti ikashuka. "Mdogo wangu, ukiruka tena tunaanza mwanzo. Huyu mtoto ameshavumilia vya kutosha."

Nilitoka pale nimempakata mtoto, nikaenda moja kwa moja halmashauri. Nilikutana na afisa anayesimamia usafiri, baba wa makamo aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine. Nikamwamkia shikamoo, nikamwaga yote. Alisikiliza, akafungua faili, akatoa karatasi.

"Hii sahihi yenye mkia ni ya nani?"

Nikaiangalia. Nikataka kucheka, machozi yakatangulia.

"Ni yangu, baba."

"Mwezi uliopita uliniambia huduma nzuri. Leo mbaya. Mwenye basi nikimwita, atanionyesha hizi. Zote nzuri."

Nikazipekua zile fomu. Jina la yule mama mjamzito halikuwepo, wala la mzee. Hapo akili ikanifunguka.

"Baba, hii fomu inapitishwa ndani ya basi."

"Ndiyo."

"Sasa aliyeachwa barabarani anaulizwa na nani?"

Akavua miwani. Nilimwomba fomu tupu, nizitundike zahanati, pale tunapolisubiri. Akanigongea mihuri fomu kumi na mbili.

Nyumbani nikapigilia msumari juu ya benchi, nikatundika fomu, nikafunga kalamu kwa uzi. Mama mjamzito alijaza palepale. Mzee ndiye alikuwa mgumu.

"Yule mura, kijana wa basi, alinibebea mbuzi mpaka Tarime," akasema. "Nimchome leo?"

"Babu, mbuzi alifika?"

"Alifika."

"Na wewe kliniki ya macho umefika lini?"

Akacheka kwa kikohozi. "Wewe binti una mdomo! Mbuzi wangu ameshatembea mjini kunizidi mimi." Akanyoosha kidole gumba. "Niandikie hivyo hivyo, usipunguze kitu."

Nikaandika hivyo hivyo. Kwa fomu yangu nikaandika Jumatano zote mbili, na kisigino cha mtoto.

Jumatatu basi lilifika. Kondakta akashuka, akazisoma fomu zikiwa ukutani, na ucheshi ukamtoka usoni.

"Dada, unaniharibia kazi."

Moyo uliniuma, sitadanganya. Namjua mama yake. Nikamgeuzia mtoto, aone zile plasta mbili.

"Uliponiambia nitie tiki nilitia. Sasa mwambie tajiri wako na dereva wako, Jumatano huyu asipofika mjini anaanza mwanzo. Wewe nitakuandika vizuri siku mkifanya vizuri."

Akapanda, akafunga mlango. Jioni ile nikampa nesi wa zahanati fomu zilizojazwa ampelekee afisa, maana kesho yake alikuwa na kikao mjini. Kesho yake hiyohiyo, akaniambia aliporudi, afisa alimwita mwenye basi, akamsomea habari ya mbuzi kwanza.

Jumatano nilikuwa kwenye benchi saa kumi na moja na nusu. Saa kumi na mbili ikapita kimya. Dakika kumi. Kumi na tano. Mzee akaanza kunitazama kwa jicho lake lenye nafuu. Ndipo nikasikia injini, siyo kule njia panda, ni kwenye kona yetu.

Kondakta akafungua mlango, akamshika mzee mkono, akaniachia kiti cha mbele bila neno.

"Ngoja," nikamwambia.

Nikashika kalamu ya kwenye uzi. Nikaandika: limefika zahanati, kiti cha mbele nimepewa, limechelewa dakika ishirini. Nikasaini polepole, bila mkia. Kisha nikapanda, mtoto akianza kugonga plasta zake kwenye chuma cha mbele, ngo, ngo, kama anayemhimiza dereva.