Jino Lenye Mwenyewe

Mtaani walimwita Stoo, kwa sababu fundi huyu wa makochi alihifadhi misumari mdomoni. Alijirushia kiganja kizima kama karanga, kisha ulimi ukawa unasukuma mmoja mmoja hadi kwenye meno ya mbele, vidole vinauchomoa, nyundo inashuka. Wateja walikaa kimya wakiomba asipige chafya.

Aliyeikomesha tabia hiyo ni mkewe. Aliburuta kigoda hadi ubavuni mwa kochi, akamimina misumari mapajani, akawa kazi yake ni kugawa. Stoo ananyoosha mkono nyuma bila kutazama, msumari unatua kiganjani.

"Ukimeza msumari nikuzike wapi, kwa wauza vyuma chakavu?" alikuwa akimwambia, na Stoo anacheka mpaka jino la mbele lililompanda mwenzake linaonekana lote. Mama yule alilipenda jino hilo kupita mumewe mwenyewe, au ndivyo Stoo alivyolalamika kwa majigambo. Lilipooza na watu wakamshauri aling'oe, mke alitangaza kwamba hakuolewa na pengo. Basi mzizi ukasafishwa, ukazibwa, juu pakawekwa kizibo cha muda, na Stoo akaambiwa arudi livikwe kofia ngumu ya kulikinga lisipasuke. Wiki hiyohiyo mke akalazwa. Nani angekumbuka kofia? Alikwenda hospitali na mke, akarudi na kanga zake.

Hata viti vya matanga havijarudishwa, majirani, hodari wa kuwaoza wenzao, wakaanza kumtajia wajane. Stoo akawaambia jino la pembe si dawa ya pengo, wakatawanyika. Naye akarudi kazini. Kigoda kitupu, misumari mdomoni.

Halafu ufizi ukavimba juu ya lile jino, ukatoa usaha. Binti yake hakubishana naye. Aliifunga karakana, akampeleka kwa daktari wa meno, kijana mwenye miwani mirefu ya kukuzia vitu, kama fundi saa aliyekosa saa. Daktari akaeleza kwamba tiba ya kwanza imeharibika, uchafu umepenya ndani. Atalifungua upya, atoe kizibo cha zamani, asafishe mzizi, azibe tena. Mzizi ukiwa mzima, jino litabaki.

Stoo akamshika mkono wa koti. "Daktari, hili nisaidie. Lina mwenyewe."

Ganzi ikaingia, mashine ikalia. Muda mrefu daktari alichokoa, akachungulia, akachokoa tena. Kisha akazima mashine, akatoa vifaa vyote mdomoni mwa mzee. Hapo hata mimi nisiyemaliza shule ningejua habari si njema.

"Mzee, jino hili unalifanyia kazi gani?"

"Nashikia misumari."

"Kwani hakuna mtu wa kukushikia?"

Binti akageukia dirisha. Stoo akajipangusa mate. "Alikuwepo," akasema.

Mzizi ulikuwa umepasuka juu hadi chini. Hapakuwa na cha kusafisha wala kuziba. Likang'olewa. Daktari akasema kwa upole kwamba yapo meno ya bandia mazuri, hakuna atakayejua. Stoo akashuka kwenye kiti. Methali yake alikwisha kuimaliza kwa majirani.

Kesho yake alirudi karakana. Kushikia misumari kwa ufizi hakuwezekani. Alijaribu, mmoja ukamchoma. Akaimimina kwenye sahani, akaiweka juu ya kile kigoda. Akavuta kitambaa cha kochi, akakikaza kwa mkono wa kushoto, akainamisha kichwa, na wa kulia akaunyoosha nyuma bila kutazama, kiganja wazi.

Binti yake alikuwa mlangoni na chai. Alisimama hapohapo. Mkono wa baba ulibaki hewani, ukisubiri, mpaka kitambaa kikaanza kulegea.