Skrubu ya Charahani ya Bi Zuwena

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa bisibisi. Nilipewa kopo la mafuta ya taa, makumbi ya nazi na jivu la kuni lililochekechwa, nikaoneshwa kichwa cha charahani kilicholiwa na kutu, nikaambiwa nikae nacho. Nilikuwa nimevaa shati jeupe, mama yangu kanipigia pasi, maana kwake yeye mtoto kapata kazi serikalini. Kufika mchana shati lile halikujulikana rangi yake.

Hapo ni Wete, miaka michache baada ya Mapinduzi, katika karakana iliyokuwa ikitengeneza charahani za vikundi vya washonaji na za watu majumbani. Charahani mpya zilikuwa haziji, na vipuri ndiyo kabisa. Zilizokuwapo ni zile za zamani za kukanyaga kwa mguu, chuma kizito, mwilini zina maua ya rangi ya dhahabu. Nyingine tulizitoa mabandani, kuku wametaga juu yake. Kazi yetu ilikuwa kuzirudisha zishone tena. Nyinyi vijana kitu kikikwama kidogo tu mwakitupa, kwa hiyo nisikilizeni.

Mkuu wa Karakana alikuwa mtu mfupi asiyepandisha sauti. Akikugombeza alikunong'oneza, na hilo ndilo lililotutia hofu. Siku ile nilishika gurudumu la ile charahani nikataka kulizungusha kwa nguvu, akaniwekea mkono begani.

"Unafanya nini?"

"Naizungusha, Mkuu. Imekwama."

"Ipe mafuta ya taa inywe, kisha uingoje. Ukiilazimisha utavunja kitu ambacho mimi na wewe hatuna pa kukipata."

Basi nikajifunza kungoja. Mafuta ya taa unayadondosha kila tundu na kila kiungo, unafunika kwa tambara, unaiacha. Kutu ya juu unaisugua kwa kumbi na jivu. Mchanga ni marufuku, unakula chuma kizima pamoja na kutu. Maua ya dhahabu unayapangusa taratibu kwa kitambaa laini, maana mwenye charahani akikuta umemfutia maua yake, hata ishone namna gani, hatakusamehe. Na adui yetu mkubwa Pemba nzima alikuwa mafuta ya nazi. Kila nyumba walikuwa wakiitilia charahani mafuta ya nazi, wakidhani wanaihurumia, nayo yakaganda ndani kama gundi. Tulikuwa tukiyakwangua huku tunawasema.

Lakini somo kubwa la Mkuu lilikuwa la skrubu. Akishaikagua kazi yako alikuwa akisema, "Skrubu haijilegezi yenyewe. Ikilegea, aliyeikaza hajui kukaza." Maneno hayo yaliniingia kichwani yakakaa. Nikawa fundi wa kukaza. Nikikaza mimi, kumekazwa.

Baadaye nikapewa baiskeli na mfuko wa vifaa, nikawa wa kuzunguka vijijini. Nilikwenda Wingwi, njia za mawe mpaka meno yanagongana. Nilikuwa nikisaini vifaa kwa Bwana Ugavi, mtu aliyekuwa akitoa sindano moja utadhani anang'oa jino lake. Na ndivyo nilivyotumwa Gando, kwa mjane mmoja, Bi Zuwena.

Bi Zuwena alikuwa msichana bado, hanipiti mimi umri. Mumewe alifariki akamwachia mtoto wa kike anayetambaa. Alikuwa edani, yaani zile siku za mjane kukaa ndani, asitoke, asijipambe, wala mwanamume asimtamkie neno la posa mpaka muda uishe. Alikuwa na charahani ya bibi yake mzaa mama, iliyokaa bandani karibu na pwani mpaka chumvi ikaila. Alitaka eda ikimalizika awe na kazi ya mikono yake, ashone, akae Gando na mwanawe. Bila ya hivyo angekwenda kwa kaka yake kijijini Wambaa, na kaka yake alikuwa ameshaanza kumtafutia mume.

Charahani niliitengenezea ukumbini. Yeye alikaa chumbani nyuma ya pazia. Katikati yetu alikaa shangazi yake, Bi Mize, juu ya jamvi, anachambua karafuu na kunitazama kama mtu anayechunga kuku wasile mpunga.

Sikumwona hata kidole. Nilimsikia tu. Alikuwa akiijua charahani ile kwa sauti tangu utotoni, basi nikiizungusha ananiambia kutoka ndani, "Fundi, hapo yagonga. Kwa bibi haikuwa ikigonga." Naangalia, kweli, kuna kipini kimelegea. Nikirekebisha ananiambia, "Enhe, hapo sasa yaja." Tukawa hivyo, mie mikono, yeye masikio.

Siku moja akasema, "Fundi, kwani weye wajua kama waimba?"

"Mie? Siimbi."

"Waimba. Na waimba vibaya."

Bi Mize akacheka mpaka karafuu zikamwagika. Nami nikaona haya, lakini nikirudi Wete kwa baiskeli niliimba njia nzima.

Nilimpenda. Nasema wazi, umri huu nimwogope nani? Nilipanga moyoni kwamba eda ikiisha tu nitawatuma wazee wangu Gando. Kabla ya hapo mdomo wangu umefungwa, na wake pia. Kwetu kila mtu anajua hivyo, hata mtoto.

Charahani ikapona. Maua yakang'ara, mkanda mpya wa ngozi nikaukata mwenyewe, ikashona kanga pindo mbili bila ya kuruka. Nikaaga. Siku chache hazijapita, salamu zikaja karakana: charahani ya Gando imeharibika. Nikaenda. Charahani ina meno, kile kipande chenye mikato chini ya sindano kinachosukuma nguo isogee. Kinashikwa kwa chini na skrubu moja. Ikilegea, sindano inapanda na kushuka lakini nguo haitembei, mshono unarundikana pale pale. Nikaikuta imelegea. Nikaikaza, tukazungumza kidogo na pazia, nikarudi.

Wiki ile ile, salamu tena. Skrubu ile ile. Nikaikaza kwa hasira. Bi Zuwena mchangamfu kweli kweli siku hiyo, ananiuliza habari za Wete, habari za mama yangu, kama nimeshaoa au bado. Mie nimenuna, nawaza kitu kimoja tu, kazi yangu imelegea.

Salamu zilipokuja mara ya tatu, Mkuu wa Karakana aliniita. Akaninong'oneza, "Unakwenda Gando kila siku kwa skrubu moja? Nimekwambiaje mimi kuhusu skrubu?"

Lo! Niliona aibu, wallahi. Nikachukua ponchi, ile ncha ya chuma ya kutobolea alama, nikapanda baiskeli. Nikailaza charahani ubavu, nikakaza mpaka bisibisi ikalia, halafu nikaweka ponchi ukingoni mwa skrubu nikapiga nyundo. Chuma kikabonyea kikaikamata. Hiyo ndiyo tuliita kuifunga skrubu, haigeuki tena kwa bisibisi wala kwa dua.

"Tayari, Bi Zuwena," nikasema, najisikia mwanamume. "Sasa hailegei tena."

Pazia likatikisika kidogo. Kisha, "Na ikilegea, Fundi?"

"Hailegei."

"Nakuuliza, na ikilegea?"

"Bi Zuwena, hata ukitaka mwenyewe ilegee, hailegei!"

Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Ahsante, Fundi. Basi umemaliza." Bi Mize akatikisa kichwa, akaniambia, "Yakhe, weye ntu gani weye? Umekuwa kama hicho chuma chako." Nikadhani ananisifu.

Njiani ile "umemaliza" ikaanza kuniuma. Nikaifasiri kwamba hanitaki, kanichoka, kafurahi nisirudi. Nikangoja salamu zije tena kutoka Gando. Hazikuja. Kwani zingekujaje? Kwa kazi niliyoipiga? Na bila ya charahani kuharibika, sikuwa na sababu ya kupita mlango ule. Haukupita muda, Mkuu akanipa barua ya uhamisho, Mkoani, huko kusini ya kisiwa. Nikaenda. Wazee wangu sikuwatuma. Mtu hatumi wazee pale alipoambiwa amemaliza. Eda ilipokwisha nikasikia kaposwa Wambaa, na yeye kakubali.

Mkoani nilikaa miaka mingi chini ya wakuu wengi. Mmoja alipenda mafaili kuliko charahani, mwengine alikuwa fundi hasa, akinusa mafuta anajua yamechujwa au bado. Nikaoa, mke mwema, Mungu amrehemu, simlinganishi na mtu. Tukazaa, tukasomesha. Karakana ikapungua kidogo kidogo, nguo zikawa zinakuja zimeshashonwa, na siku yangu ya kustaafu nilikabidhi funguo nikarudi Wete. Nikabaki na mfuko wangu wa vifaa na mazoea ya kutega sikio kila nikisikia charahani inalia katika nyumba ya mtu. Nikizisikia hizi za umeme, moyo wangu haushtuki. Nikiisikia ya mguu, nasimama njiani kama mjinga.

Juzi juzi akaja mama mmoja na gari ya kukodi, mwalimu wa skuli, naye anakaribia kustaafu. Jina lake Mwalimu Salma. Kaambiwa nimebaki mimi tu ninayejua mambo haya. Nyuma ya gari charahani ya mguu, kutu tupu, banda liliwavujia mvua misimu miwili. Nikamwambia aiache.

Nikafanya kama nilivyofundishwa. Mafuta ya taa, tambara, kungoja. Kumbi na jivu. Maua yalipoanza kutoka chini ya uchafu nikahisi nayajua, lakini charahani zile zilikuwa nyingi za maua hayo, sikujali. Mpaka nilipoilaza ubavu.

Nikaiona skrubu ya meno. Alama ya ponchi ipo ukingoni, ya mkono wangu. Na kile kijimfereji cha kutilia bisibisi kimeparuliwa chote. Nimeshika skrubu maisha yangu yote, najua alama ya bisibisi na najua alama ya kisu cha jikoni. Hizi zilikuwa za kisu, nyingi, moja juu ya moja, za mtu asiye na nguvu za kutosha anayerudia na kurudia.

Mwalimu Salma alipokuja kuitazama nikamuuliza, "Nani aliitia kisu hapa?"

Akacheka. "Mama huyo. Zamani hizo, tuko Gando, mie mdogo natambaa. Alitaka kuilegeza, ikamshinda. Sababu hasemi. Akifika kuitia mafuta pale hucheka peke yake, asema, 'Hapa ndipo aliponiweza yule fundi.'"

Niligeuka kama natafuta tambara. Skrubu haijilegezi yenyewe. Mkuu aliniambia siku ya kwanza kabisa, nami niliyahifadhi maneno yale maisha yangu yote, nisijiulize hata mara moja nani alikuwa akiilegeza. Nililia, bwana, kizee kizima, uso nimeuelekeza ukutani.

"Mama yu hai?" nikauliza.

"Yu hai, Alhamdulillahi. Yuko Wambaa. Magoti tu. Mzee wetu ndiye aliyetangulia, zamani."

Alipoondoka, nikaichimbua ile alama ya ponchi kwa kekee ndogo, polepole, mpaka skrubu ikaachia. Sikutia mpya. Niliirudisha ile ile yenye makovu, nikaikaza kwa vidole tu, kisha nikairudisha nyuma kidogo. Kwa mara ya kwanza katika ufundi wangu, niliitoa charahani ikiwa imelegea, kwa makusudi. Mwalimu Salma alipokuja kuichukua nikamwambia, "Mwambie mama, fundi ni yule yule wa karakana ya Wete, anayeimba vibaya. Mwambie ikilegea, aniite."

Siku ya pili simu ikalia.

"Fundi," Mwalimu Salma anasema, "mie sielewi. Mama kaomba tumlazie charahani ubavu, katia kidole chini, kacheka mpaka kalia, katutisha. Nikamwambia nakuita uje uikaze. Kasema usije, magoti yake hayawezi kupokea wageni, na yako hayawezi njia ya Wambaa. Lakini skrubu asiiguse mtu. Ibaki vivyo hivyo."

Kabla sijajibu nikaisikia sauti nyingine, mbali kidogo na simu, kama inatoka nyuma ya pazia. Imezeeka, lakini ndiyo ile.

"Muulize kama bado aimba."

Nikaishika simu kwa mikono miwili, nikaimba.