Washenga Walioamua kwa Kikao

Mchumba wangu alikuwa Mkalvini, na hilo lilimkosesha baba usingizi. Majirani zetu wa Mandewa walishamjaza maneno: hao ndio wanaosema Mungu alichagua watu wake kabla dunia haijaumbwa! Mimi nilimwuliza mchumba, "Kama alishapanga, mbona unahangaika kuja kwetu kila Jumapili?" Akacheka. "Alipanga na nauli." Jamani, mtu kama huyo unamkataaje?

Kanisa lao liko Mkiwa. Dereva wa lori kutoka Mbeya aliharibikiwa gari pale, na alipokuwa akisubiri spea akaanza kusali na watu wawili watatu kwenye ghala la alizeti. Lori likapona, likaondoka, kanisa likabaki. Hawana askofu. Kila jambo huamuliwa na wazee wa kanisa, tena kikaoni.

Siku ya posa wakaja wazee hao. Baba akauliza watakunywa chai au soda. Wakaomba radhi, wakatoka uani, wakakaa kikao. Wakarudi: chai. Akauliza msemaji wao ni nani. Wakatoka tena! Mimi na shangazi jikoni tulikuwa tumebana midomo. "Hawa wakiulizwa kama wameshiba," alisema shangazi, "tutakesha."

Mama alikuwa nyuma ya nyumba anahangaika na jogoo wa kuchinja. Ndipo baba akakohoa.

"Nina swali moja. Mkilijibu vibaya, binti yangu haendi. Kabla yake nilipata mtoto wa kiume. Alifariki akiwa mchanga, hajabatizwa. Mhubiri mmoja aliniambia nisitegemee kumwona tena. Ninyi mnaojua habari za waliochaguliwa, mnasemaje?"

Kicheko kiliniisha. Habari za mtoto huyo sikuwahi kuzisikia. Shangazi akainamisha uso.

Wazee wakatoka, na safari hii wakakawia. Chai ikapoa. Niliwachukia wale wazee na vikao vyao, nikamchukia hata mchumba kwa dakika kadhaa. Waliporudi, mkubwa wao hakuketi.

"Mzee mwenzetu, tumekubaliana sote. Waliochaguliwa sisi hatuwajui, anawajua Mungu. Ila tumefundishwa hivi: mzazi anayemcha Mungu asiwe na shaka juu ya mtoto wake aliyechukuliwa akiwa mdogo. Mungu hakusubiri maji yetu ya beseni ndipo amchague. Mwanao yuko kwake."

Baba akajifuta uso kwa kofia yake. "Binti nimewapa," akasema. "Lakini msiondoke. Mwiteni mama yake."

Mama akaingia na jogoo kwapani, anahema, anawaomba radhi wageni kwa kucheleweshewa chakula.

"Rudia, mzee," baba akasema. "Asikie mwenyewe."

Mzee akarudia, neno kwa neno. Mama akamwachia jogoo, jogoo akatimua mbio katikati ya vikombe, na hakuna aliyemfukuza. Mama akakaa sakafuni, akalitaja jina la kaka yangu. Nilikuwa sijui hata kama alipewa jina.