Nilitunga Kifo cha Kisimani, Mwanafunzi Akasema ni cha Mama Yake

Admin, jina langu liweke pembeni, na shule usiitaje. Mimi ni mama wa miaka 36, naishi Utemini hapa Singida na wanangu wawili. Naandika vitabu vya hadithi za kutisha kwa vijana wa sekondari. Nimeshatoa vinne, na huwa nazunguka mashuleni kuwasomea wanafunzi. Watoto wakishtuka, mimi nafurahi. Siku hizi ninayeshtuka ni mimi, hodi ikipigwa mchana kweupe.

Kitabu cha nne kinahusu baba wa kambo aliyemsukuma mkewe kisimani, kisha akaikunja kanga yake vizuri na kuiweka ukingoni, ili watu waseme mama alikuwa anaoga akateleza. Nawaapia, nilikitunga mwenyewe, jikoni, huku napika.

Mwezi uliopita nilikwenda kukisoma shule moja ya upande wa Mgori. Nilipomaliza, binti wa kidato cha pili, nitamwita Neema, alinifuata nje. Akaniamkia, kisha akauliza, "Madam, nani alikusimulia habari za mama yangu?"

Nikamwambia ni hadithi tu. Akatikisa kichwa. "Walisema mama aliteleza. Ila ile kanga aliyeikunja ni baba, nilimwona. Sijawahi kumwambia mtu." Huyo baba ni wa kambo, na ndiye anayemlea mpaka leo.

Nikampa nakala ya kitabu na kumwahidi nitamtafutia msaada. Nikarudi nyumbani. Kila siku nikawa najiambia nitakwenda kesho.

Jumamosi ya wiki juzi akaja kwangu mwanaume na chupa ya asali. Mpole, amevaa vizuri, wanangu wakamwamkia. Akajitambulisha kuwa ni baba yake Neema. Nikamkaribisha chai.

"Dada, nimekuta kitabu chako kwenye begi la mtoto. Nimekisoma chote. Ile sehemu ya kanga, nani alikusimulia?"

"Nimetunga, kaka."

"Mtu akitunga hawezi kupatia namna ile." Aliongea taratibu, macho yakiwa kwa mwanangu mdogo.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa nataka aondoke tu. Nikasema, "Mimi sijui chochote, kaka. Hata Neema aliniuliza hivyo hivyo, nikamjibu nimetunga."

Akaweka kikombe chini. "Kumbe Neema aliuliza." Akashukuru kwa chai, akaaga.

Jumatatu nikampigia simu mwalimu wake. Neema hakufika shule. Baba katoa taarifa kwamba amempeleka kwa shangazi yake, Itigi. Mwalimu anasema binti hajawahi kumtaja shangazi wa Itigi. Leo ni siku ya tisa.

Dada yangu ananiambia, "Nyamaza, una watoto. Polisi utapeleka nini, kitabu cha hadithi?" Na kweli naogopa, yule mtu anajua ninapoishi na sura za wanangu anazijua. Lakini Neema alikuwa na siri moja, akanipa mimi, nami kwa uoga wangu nikamkabidhi mtu yule yule anayemwogopa.

Ndugu zangu, msihangaike kunitukana, najitukana mwenyewe kila nikiamka. Niambieni tu niende kwa nani, niseme nini ili niaminiwe, na wanangu niwafiche wapi, kabla siku ya kumi haijafika.