Kiongozi Aliyebebwa Mgongoni

Hadi leo nikinusa mafuta ya wageni ya kujikinga na jua, nairudia Watamu ya miaka ya themanini, nilipokuwa kijana mtembeza watalii, hodari wa maneno. Nilimvusha bibi mmoja wa Kijerumani kwa miguu, maji yamekupwa, hadi kisiwa cha mawe. Nikanogewa na kumsimulia nilivyozaliwa na bahari, hata nikasahau ni bamvua, maji hurudi mbio. Kugeuka, njia imezama.

“Tuogelee,” akasema.

Sikujua kuogelea. Akanibeba mgongoni, nimefumba macho, namkaba shingo. Kufumbua, tumeshafika ufukweni, na mjomba aliyenitafutia kazi amesimama mbele yetu.

“Shikamoo, mjomba,” nikamwamkia kutoka huko juu.

“Marahaba. Mtalii ni yupi hapo?”