Siku Niliyomjibia Mwalimu

Miaka ile, kijana akitaka kwenda chuo kikuu, kufaulu mtihani hakukutosha. Afanye kazi kwanza, kisha tawi la chama mtaani kwake limwandikie barua kwamba ana tabia njema na anaunga mkono Ujamaa. Bila barua ile, chuo asikiote.

Mimi nilikuwa balozi wa nyumba kumi hapa Nyasubi. Shule sikwenda, kuandika nilijifunza ukubwani, na aliyenifundisha ni mwalimu mmoja wa kike, binti mdogo tu, aliyepanga nyumba ya pili kutoka kwangu. Yeye ndiye aliyekuwa akiitaka barua. Shida ilikuwa baba yake. Mzee yule, huko upande wa Ushirombo, alikataa kuhamia kijiji kipya, wakaja watu wa serikali wakamwezulia paa wakati wa mvua, mahindi yakaota ghalani.

Basi alasiri moja akaitwa mbele ya kamati, nami nikakaa benchi la mbele kwa kuwa mimi ndiye balozi wake.

"Mwalimu," mwenyekiti akasema, "tunataka tusikie kwa kinywa chako. Baba yako alikosea au hakukosea?"

Akanyamaza, kichwa chini.

"Eh! Umemeza chaki?" Watu wakacheka. "Sema alikosea, tugonge muhuri, tukanywe chai."

Akazidi kuinama.

Sasa, kwetu Usukumani, binti akiulizwa mbele ya wakwe kama amekubali kuolewa, hafungui mdomo. Anainama, na shangazi yake ndiye anayejibu: amekubali. Kazi hiyo nimeifanya kwa mabinti wengi. Nilipomwona ameinama vile, nikasimama kabla sijafikiri.

"Mwenyekiti, amekubali. Baba yake alikosea."

Akainua uso akanitazama. "Mama, mimi sijasema hivyo. Na sitasema. Baba yangu hakukosea."

Hakuna aliyecheka tena. Mwenyekiti akanigeukia. "Balozi, unaidanganya kamati?"

Mpaka hapo lilikuwa kosa la mtu mzima kuchanganya mambo. Ningesema, jamani nisameheni, nimedhani kimya chake ni kukubali. Lakini ubalozi wakati ule ulikuwa kitu. Sukari ilikuwa ya vibali na vibali nagawa mimi. Wanawake walionizidi umri walikuwa wananiamkia. Nikauona ubalozi unaondoka. Nikasema:

"Alisema nyumbani kwangu juzi, kwa mdomo wake. Hapa anawaogopa watu tu."

Uongo mtupu. Juzi yake alikuja kwangu kuazima kinu.

Katibu akaandika kwamba mwombaji ni kigeugeu, nyumbani anasema hili na kwenye kikao lile, tawi halimpendekezi. Wakanipa kalamu niweke sahihi. Nikaandika jina langu polepole, kwa herufi zile zile alizonifundisha kwa kunishika mkono, na yeye amesimama pale pale anaangalia.

Chuo hakwenda. Baada ya muda akahamishiwa shule moja ya ndani vijijini huko Geita. Asubuhi ya kuondoka nilikwenda kumsaidia kufunga mizigo. Alinipigia goti akaniamkia kama siku zote, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi nilitaka upate barua."

"Najua, mama. Ulipojibu mara ya kwanza ulitaka nipate." Alikuwa anakunja shuka. "Na mara ya pili, ulitaka nini?"

Nikashika pembe nyingine ya shuka. Tukaikunja mpaka ikaisha.

Wajukuu zangu wananibana nitaje jina lake, maana wanajua sisahau jina la mtu. Ninalo, na la baba yake ninalo. Siwatajii. Niliwahi kumsemea mara mbili, inatosha. Kama anataka haya yajulikane ni yake, atayasema mwenyewe.